Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Waliorudi kutoka Kagera bado wanakesha

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

YAH: MATIBABU YA AKILI KWA WAPIGANAJI WA VITA VYA KAGERA, WAKIWEMO ASKARI WA MGAMBO

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Waliolala Kaboya, Muleba, huwekewa mashada na kupigiwa tarumbeta, na ni haki yao. Mimi nakuandikia kuhusu wenzao waliorudi. Aliyekuwa na miaka 20 wakati majeshi ya Idi Amin yanavuka mpaka Oktoba 1978 sasa anakaribia 70. Wengi wao hivi sasa ndiyo kwanza wanaanza kuugua waziwazi maradhi waliyoyabeba tangu vitani. Naomba wizara yako iwafuate huko waliko, na isimdai mgambo karatasi ambazo hakuwahi kupewa.

Baba yangu alikuwa mgambo. Alitoka Tabora kwa treni na vijana wenzake, akaingia Mutukula, mpakani mwa Uganda, Januari 1979, akafika Masaka, akapita Lukaya walikopambana na Walibya, na Kampala ilipoanguka Aprili 11 alikuwa miongoni mwa walioingia. Vita vilipokwisha alikabidhi bunduki na sare, akarudi kulima tumbaku.

Anayelima tumbaku ya mvuke anajua kazi ya bani, lile jengo la kukaushia majani kwa moto. Majani yakishatundikwa, moto hauachwi. Lazima mtu akeshe kuuchochea na kuupima, usiku baada ya usiku, maana ukizidi jani linaungua na ukipoa linaoza. Baba alisifika kijiji kizima kwa kukesha. Majirani walikuwa wakimwita awasaidie kulinda mabani yao naye hakatai, wala hadai malipo ya maana. Tulijivunia kuwa na baba asiyechoka. Hakuna aliyejiuliza ni mtu wa namna gani huyu ambaye mwaka nenda mwaka rudi anatafuta sababu ya kutolala.

Nyumbani tulikuwa na taratibu ambazo tulidhani kila nyumba inazo. Baba haamshwi kwa kuguswa. Unasimama mlangoni, unamwita, unangoja. Mvua ya mawe ikianza kupiga bati, yeye hutoka nje, afadhali alowe. Msimu mmoja wa kampeni chopa ya mgombea ilipita chini chini, watoto wakakimbilia uwanjani kuishangaa. Baba aliingia kwenye mahindi na hakuonekana mpaka jioni. Kijijini maelezo hayakukosekana: amerogwa, ana mashetani, ana damu za watu. Mama alipelekwa huku na huko na ndugu wa pande zote mbili, kwa waganga na kwa waombaji, na kila mahali akaacha chochote alichokuwa nacho.

Kisha mgongo ukamshinda, tumbaku akaiacha, na usiku ukabaki mtupu. Hapo ndipo hali ilipochacha. Kelele za usingizini, majina ya watu tusiowajua, hasira za ghafla kwa wajukuu, kisha kukaa kimya siku nzima akitazama njia. Tulidhani ni uzee.

Mheshimiwa, wataalamu wanaielewa hali hii vizuri, na wanaelewa pia kwa nini hungoja uzee. Kazi, malezi na pilikapilika humpa mtu pa kuificha akili yake. Anapostaafu, anapofiwa na mwenza au rafiki, anapougua na kulala kitandani, maficho yanaondoka na kumbukumbu inarudi kama jambo linalotokea sasa hivi, pamoja na harufu na sauti zake. Madaktari wa akili wa Marekani waliingiza ugonjwa huu wa kiwewe, PTSD, katika mwongozo wao mwaka 1980. Vita vyetu vilikwisha Juni 1979. Kwa hiyo simlaumu tabibu yeyote wa wakati ule aliyewaangalia vijana hawa, akaona mikono na miguu iko kamili, akawaruhusu. Lakini toka hapo imepita zaidi ya miaka 40, na utafiti mmoja wa wapiganaji wa Vietnam uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba wapatao 271,000 miongoni mwao bado walikuwa na ugonjwa huu, ukiwa kamili au kwa dalili zinazokaribia kutimia, miongo minne baada ya kurudi kwao. Sidhani kama msitu wa Vietnam na barabara ya Masaka vinatofautiana sana kwa aliyekuwa amelala kifudifudi wakati makombora yanapita.

Kuna jambo jingine ambalo katika sherehe huwa hatulisemi, nami nitalisema kwa heshima. Si wazee wote wanaoteswa na hofu. Wapo wanaoteswa na waliyoyaona yakifanywa na upande wetu, au waliyoyafanya wenyewe. Mutukula ilisawazishwa. Masaka ilipigwa mizinga na majengo yake mengi yakalipuliwa, kwa hasira ya yaliyofanyika Kagera. Raia waliumia, na Mwalimu mwenyewe alichukizwa na yaliyotokea Mutukula akaagiza raia wasiguswe. Askari aliyekuwa pale akiwa na miaka 19 ameimbiwa ushujaa tangu siku ile, na ushujaa huo ndio unaomfunga mdomo. Atamwambia nani? Shekhe au padri labda, kama atapata mwenye masikio. Mtoto wake hawezi kumwambia. Ndiyo maana baadhi yao hawaji uwanjani tarehe 25 Julai, nasi tunadhani wameisahau nchi.

Ninachotaka ujue zaidi ya yote ni kwamba ugonjwa huu unatibika hata kwa mzee. Matibabu yenye ushahidi mkubwa ni ya mazungumzo: mgonjwa hukutana na mtaalamu mara moja kwa juma, kwa kawaida kati ya majuma 8 na 15, na kwa mpangilio maalumu anaisimulia ile kumbukumbu mpaka ikae mahali pake kama jambo lililopita. Dawa za sonona kama sertralini husaidia baadhi ya watu. Ambacho hakisaidii ni diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na hicho ndicho baba alichopewa hospitalini, akarudishiwa tena na tena. Miongozo ya tiba ya PTSD inashauri dawa za kundi hilo zisitumike, na kwa mzee huongeza hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa. Aliyempa hakuwa na nia mbaya. Aliona mzee asiyelala, akampa cha kumlaza. Hakumwuliza kama aliwahi kupigana vita, na baba si mtu wa kusema asilouliziwa.

Najua jibu linalokuja: madaktari wa akili ni wachache, hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, hospitali ya jeshi ya Lugalo iko Dar es Salaam, na mzee wa Urambo hatafika kote huko kila juma. Ni kweli. Basi tutazame jirani, Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, si mbali na Mbarara, mji ule ule ambao majeshi yetu yaliuteka Februari 1979, watafiti waliwafundisha wakimbizi wa kawaida, wasio madaktari wala manesi, jinsi ya kuendesha matibabu ya kusimulia. Wakimbizi 277 wa Kinyarwanda na Kisomali wakaingizwa katika utafiti huo. Matokeo yalichapishwa 2008: baada ya miezi tisa, takriban asilimia 70 ya waliopata matibabu yale hawakuwa tena na PTSD, ilhali katika kundi lililofuatiliwa tu bila matibabu ilikuwa asilimia 37. Ikiwa imewezekana chini ya turubai, inawezekana katika kituo cha afya chenye umeme.

Tena wizara yako ina hazina ambayo Nakivale hawakuwa nayo. Ina wastaafu wenye akili timamu, wenye nidhamu, wanaoaminiwa na wenzao. Mzee wa aina ya baba hatafunguka kwa kijana mwenye koti jeupe anayemwita babu na kutazama saa. Kwa aliyevuka naye daraja atafunguka. Wamarekani waliligundua hilo mapema: sheria yao iliyoanzisha vituo vya ushauri kwa maveterani wa Vietnam ilipitishwa Juni 1979, mwezi ule ule vita vyetu vilipokwisha, na vituo hivyo viliwekwa mitaani, nje ya hospitali, kwa sababu wapiganaji walikuwa wakizikwepa hospitali.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapo ndipo tulipokwama sisi. Tulipogundua hatimaye kwamba baba anaumwa ugonjwa wenye jina, tulimpeleka kwenye ofisi moja mjini kuuliza kama kuna huduma kwa wapiganaji wa Kagera. Tuliambiwa tulete namba ya jeshi. Mgambo hana. Tuliambiwa tulete cheti cha utumishi. Hana. Barua ya kuajiriwa, barua ya kuachishwa, chochote chenye mhuri. Baba alitoa picha yake na wenzake wakiwa juu ya lori, imefifia, nyuma imeandikwa kwa kalamu ya risasi "Masaka". Yule ofisa aliitazama kwa adabu, akairudisha. Njiani kurudi baba alisema neno moja tu, kwamba kule walikokwenda hawakuulizwa karatasi.

Hawakuulizwa kweli. Novemba 1978 Mwalimu alipolitangazia Taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, sehemu ya uwezo huo walikuwa wao: mgambo, JKT, polisi, magereza, walioongezwa haraka kwenye jeshi dogo la wakati wa amani. Askari wa kawaida alistaafu na pensheni yake, ingawa naye huduma ya akili ni ya kubahatisha. Mgambo alirudi na alichokuwa nacho mwilini.

Kwa hiyo naomba hivi. Wastaafu wa jeshi wanapoitwa kwenye uhakiki wa pensheni, mbali na picha na alama za vidole, waulizwe maswali machache kuhusu usingizi, ndoto, kushtuka na hasira. Maswali hayo yapo, ni mafupi, na karani anaweza kuyauliza akifundishwa siku moja. Mzee atakayeonekana ana dalili aelekezwe kwa mtu anayejulikana kwa jina, katika wilaya yake. Wake zao waulizwe pia, faragha, kwa kuwa wao ndio wanaojua habari za usiku.

Kwa mgambo ambaye haitwi kwenye uhakiki wowote, ushahidi wa wenzake wawili watatu na serikali ya kijiji utoshe kumfungulia matibabu. Sizungumzii fidia wala kiinua mgongo; hayo yana barua zake na watu wake. Kwa hili, hata kama mdanganyifu mmoja atapenya, hasara yake ni saa chache za mazungumzo na mtu ambaye pengine anayahitaji vilevile.

Na nakuomba uzungumze na mwenzako wa Afya kabla barua hii haijaanza kusafiri kati ya wizara mbili, kila moja ikiandika kwamba suala liko upande wa pili. Zahanati ni zake, wapiganaji ni wako. Swali la "umewahi kuwa vitani?" likiingizwa kwenye fomu ya mgonjwa mwenye umri zaidi ya miaka 60, tabibu wa kijijini hatahitaji kubahatisha.

Wewe unayo orodha ya walioko Kaboya. Waliobaki hai bado wanaweza kuhesabiwa, lakini si kwa miaka mingi. Ningependa kusikia jibu lako kabla ya 25 Julai ijayo. Na kama jibu ni kwamba mgambo wa Kagera hawamo katika wanaohudumiwa na wizara yako, naomba liandikwe hivyo, kwa saini na mhuri, libandikwe kwenye ofisi za wilaya, ili familia ziache kutumia nauli kuwaleta wazee mjini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa askari wa mgambo,
Tabora