Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: bei ya pamba ijulikane kabla ya kupanda

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba wa Maswa, mkoani Simiyu. Kwa sasa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya Lubbock, Texas.

Mwaka 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Mama alikuwa ameshachuma, ameketi chini ya mwembe siku tatu akitenganisha pamba safi na fifi, yaani iliyochafuka, kwa mkono. Akapima, akapewa karatasi badala ya fedha. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na karatasi ile ikakaa kwenye pindo la khanga yake miezi mingi. Ada ya mdogo wangu tukakopa.

Huku Marekani, tangu sheria ya 2018, mkulima anajua kabla hajapanda bei ya rejea ya pamba mbegu, yaani pamba isiyochambuliwa: ilikuwa senti 36.7 za dola kwa ratili, kama senti 81 kwa kilo. Mwaka 2025 wameipandisha hadi senti 42 kwa ratili. Soko likishuka chini ya hapo, serikali inafidia pengo. Malipo huchelewa, huja Oktoba ya mwaka unaofuata, lakini anajua yapo.

Sisemi tuige kila kitu. Malipo yao hufuata ekari zilizosajiliwa zamani, si pamba iliyopandwa mwaka huo, hivyo mwenye ardhi kubwa ndiye anayevuna zaidi. Tena ruzuku za Marekani zinatuumiza sisi. Brazil ilizishitaki mwaka 2002 katika Shirika la Biashara Duniani, ikashinda, na mwaka 2014 ikalipwa dola milioni 300 kumaliza shauri. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali wamelalamika tangu 2003 kwamba zinashusha bei. Bei hiyo hiyo ndiyo inayofika kwenye mizani ya Maswa, na mama hana wa kumshitaki.

Bei dira yetu, yaani bei elekezi ya serikali, hutangazwa msimu wa ununuzi unapofunguliwa, jasho likiwa limeshamwagika. Naomba bei ya chini itangazwe Oktoba, kabla ya mvua za kupandia. Soko likianguka, pengo lilipwe kwa kilo zilizopimwa, liingie kwenye simu ya mkulima bila kupita kwa mnunuzi. Wekeni ukomo wa kilo kwa kila kaya ili fedha ziwafikie wadogo. Kusajili wakulima tunaweza; tumefanya hivyo kwa mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23.

Mama bado analima, ila amepunguza pamba kutoka ekari nne hadi mbili. Zilizobaki amepanda mahindi. Nilipomuuliza kwenye simu, alinijibu kwamba mahindi yakikosa bei, angalau tutayala.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtoto wa mkulima, Maswa