Wifi, kabla hujakata tiketi ya SGR

Wifi yangu,

Salaam zimefika, na ile listi yako ya hoteli nimeisoma yote, bwawa la kuogelea, brekfasti, umbali kutoka ufuoni, lakini mbona sijaona hata mchezo mmoja wa jukwaani, si wewe ndo uliniambia safari hii ya Mombasa hutaki kuota jua Nyali, wataka maonyesho na thieta? Basi umeanzia mkiani. Vyumba Mombasa havikosekani labda Disemba. Mchezo ndo hukosekana.

Nakuandikia hapa wazi badala ya kukutumia voisi manake najua mko wengi huko Nairobi mnaoshuka na mpango kama huu. Mombasa haina mtaa ambao kila usiku wapita ukichagua mchezo wa kuingia. Little Theatre Club, ile ya Barabara ya Mnazi Mmoja, siku za kazi asubuhi waweza kuikuta imejaa wanafunzi wa sekondari na yunifomu zao wameletwa kuona setibuku, kile kitabu cha fasihi wanachosomea mtihani, ikichezwa, komedi na michezo ya wakubwa hungoja wikendi, tena si kila wikendi, na bango lenyewe mara nyingi latoka wiki ileile ndo watu waanze kulirusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwa hivyo wewe nipe mwezi tu, mimi nitauliza, pale na kwa vijana wa kituo cha Swahilipot Hub na kituo cha utamaduni cha Wafaransa, Alliance Française, pia, tukishajua usiku gani kuna kitu ndo ukate tiketi. Maonyesho ya picha hukaa wiki kadhaa, lakini mchezo ni usiku mmoja ama mbili umekwisha.

Na hata ukiangukia setibuku usikunje uso. Wale watoto washasoma kitabu mpaka wamekihifadhi, mwigizaji akiruka mstari wanamrudishia kwa sauti, ukumbi mzima wacheka, yule jamaa naye inabidi ajibu papo hapo bila kutoka kwenye nafasi yake. Mimi hiyo naipenda kuliko komedi nyingi za tiketi ghali.

Mwezi gani? Ukiniuliza mimi, Julai ama Agosti, kusi lavuma na jua lina adabu kidogo. Mei usijaribu, mvua, na mambo mengi hapa hufanywa nje, kama pale Mama Ngina Waterfront walipojenga ukumbi wa wazi walipoitengeneza upya 2019. Ramadhani nayo usiku mji umechangamka kwa vyakula lakini steji nyingi zimelala.

Haya, mchana sasa. Fort Jesus najua ulipelekwa na shule, ukaona mizinga ukapiga picha ukatoka. Rudi, na uende saa mbili asubuhi wakifungua, kabla ya joto na mabasi ya watalii. Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, hiyo waijua, lakini tafuta ile michoro ya ukutani, askari na mabaharia walichora kwa mkaa na udongo mwekundu, majahazi, watu, samaki, yaani mtu amekaa mbali na kwao hana la kufanya akachora meli ukutani. Mimi husimama hapo zaidi kuliko kwenye mizinga. Halafu kuna vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama hapo mbele ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira, wapiga mbizi wakaja kuvitoa miaka ya 1977 hadi 1980. Tena kumbuka hapo ngomeni palikuwa jela kutoka 1895 mpaka 1958, makumbusho yalikuja baadaye.

Ukitoka, Mahakama ya Zamani iko hatua chache, jengo la 1902, Makumbusho ya Taifa huweka maonyesho ndani, yabadilika badilika, saa zingine ni picha za kamera, saa zingine wachoraji wa hapa pwani. Ukumbi ni mdogo, hutachoka.

Kisha Mji wa Kale kwa miguu. Shika Ndia Kuu, angalia roshani za mbao huko juu na milango, na ukifika kwenye mlango mzuri usikimbilie kupiga selfi, angalia mfaa, ule mti wa katikati, uone fundi alivyoufuatisha nakshi kutoka juu mpaka chini. Jifunike kidogo wifi, wajua mwenyewe, na Ijumaa adhuhuri usiende manake kila mtu yuko msikitini na maduka yamefungwa. Mchana lala. Nasema kweli, wageni wanaojikaza na jua la saa nane wakifika kwenye mchezo usiku wanasinzia safu ya mbele.

Mtaa wa Biashara upitie jioni kabla ya mchezo, ukasome leso. Kwangu mimi hayo ni maonyesho tena ya bure, pindo, mji, jina, ukuta mzima wa maneno ya watu kusutana. Ule viazi karai kabisa kabla ya kuingia, mchezo ukiandikwa saa kumi na mbili waweza kuanza saa moja na nusu na hakuna atakayeomba radhi.

Bombolulu ng'ambo ya daraja la Nyali iweke siku ya kazi ndo uwakute mafundi, karakana za watu wenye ulemavu tangu 1969, vipuli vyao ni vizuri sana. Wachongaji wa Akamba Handicraft wa Changamwe waache siku ya kuondoka, ni upande huohuo wa kwenda Miritini kwenye stesheni ya SGR, ila mkiwa na treni ya saa tisa toka mapema, pale stesheni kuna foleni ya mbwa wa kunusa mizigo. Ukinunua kinyago chukua cha mwarobaini, mihugu msituni imekatwa sana, na popote utakapouziwa mpingo wa bei rahisi geuza chini ukwaruze kidogo kwa ukucha, kuna wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu.

Pesa ya tiketi za mchezo weka kwa simu na noti kidogo pia.

Sasa nijibu mambo mawili: mwezi gani, na kama waja na watoto. Wakija, hesabu zote za usiku nabadilisha, natafuta mchezo wa mchana, na chumba chukua kisiwani, si Nyali, manake kungoja tuktuk saa tano usiku na mtoto amelala begani mimi siwezi.