Barua ya kufunga muhula: simu na watoto wakati wa likizo

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Skuli ya Msingi
Wete, Pemba

Kwa wazee na walezi,

Assalaam alaykum.

Skuli inafungwa leo. Ripoti zitatolewa Jumamosi asubuhi. Mtoto aliyebaki na kitabu cha skuli aje nacho. Mengine yote ya barua hii ni juu ya simu.

Watoto wetu wengi hawana simu zao, hutumia ya mama. Kwa hiyo anayemwandikia mama humfikia mtoto, na mtoto akijibu, huonekana mama ndiye aliyejibu. Anzeni hapo. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, kisha faragha, kisha makundi, uchague kwamba watakaoweza kukuingiza kundini ni wale tu uliohifadhi namba zao. Ukiiacha ilivyo, yeyote mwenye namba yako anaweza kukutia katika kundi usilolijua, na mtoto akawa wa mwanzo kuona yanayorushwa humo.

Halafu washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ya tarakimu 6. Isiwe ile ya pesa za simu, wala mwaka aliozaliwa mtoto. Matapeli huomba namba nyingine, ile ya kufungulia akaunti ya WhatsApp inayoingia kwa meseji, wakidai imetumwa kwa makosa. Mtoto mwenye adabu huitoa upesi, maana sisi wenyewe tumemfundisha kumsaidia anayeomba. Akaunti ikihamia kwenye simu ya tapeli, jamaa zako wote wataombwa pesa kwa jina lako.

TikTok, Instagram na Facebook hutaka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Mtoto wa darasa la nne aliyedanganya mwaka wa kuzaliwa huhesabiwa mkubwa, na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya watoto haumfikii. Aliye na simu yake ya Android awekewe Family Link, programu ya Google ya mzee kusimamia simu ya mtoto. Ni ya bure, na mzee ndiye anayekubali programu kabla haijapakuliwa na kupanga saa za simu kufungwa usiku. Lakini haikuoneshi meseji zake, basi msiitegemee peke yake.

Si kila baya hutoka kwa wageni. Mara nyingi ni mtoto ameanguka, mwenzake kampiga picha, kaitia maneno ya kejeli na kuirusha kundini. Mwambieni mtoto aombe ruhusa kabla ya kurusha picha ya mtu. "Futa kwa wote" ya WhatsApp hufanya kazi kwa siku mbili na kitu, na hairudishi picha ambayo wengine wameshaihifadhi. Na asiyerusha asitie vikaragosi vya kucheka. Amwandikie aliyechekwa pembeni, amwambie pole.

Likitokea la kutokea, msimpige mtoto wala msimnyang'anye simu. Hapa nasema kwa mkazo, maana anayemtishia mtoto huitegemea hofu hiyo hiyo: "Baba yako akijua utakiona." Mtoto akiamini kwamba kusema ni kupigwa, atanyamaza na kuendelea kutii. Msilipe pesa, anayelipwa mara moja hurudi kudai zaidi. Pigeni picha ya skrini ya vitisho, namba na tarehe vionekane, ndipo mumzuie mtu huyo. Wengi hufuta kwanza kwa hasira, ushahidi ukapotea.

Picha ya utupu ya mtoto ina hukumu yake. Msiirushe kwa yeyote, hata kwa sheha au kwetu sisi walimu kwa nia ya kuonesha, kwani kuisambaza ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Chukueni simu yenyewe mpaka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ushauri hupatikana pia kwa kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Atakayeshindwa na mipangilio hiyo aje na simu yake Jumamosi, walimu watamuelekeza. Namba ya siri aiandike mwenyewe, na asitutajie.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mkuu