Ati nichague laini moja

Shangazi,

Nakuita Shangazi kwa kuwa kila anayekuomba ushauri anakuita hivyo, ingawa kwa miaka yangu 64 pengine mimi ndiye wa kuamkiwa. Usiutazame mwandiko. Ni saa tisa na nusu usiku, jana pia sikulala, na kisa ni maneno matatu tu: chagua laini moja.

Watu wa aina yangu unatujua, sina haja ya kukuanzia mbali. Suruali na shati, nywele fupi, na soko zima la Kibuye hunijua kama Fundi ama Mzee. Kitambulisho kinasema mwanamke. Sijawahi kukificha wala kukitangaza. Na sikuandikii uniambie nivae rinda. Kama jibu lako ni hilo, basi chukulia kwamba barua hii haikukufikia.

Karani wa zahanati moja, sitaitaja, aliangalia kitambulisho, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya mnada: "Ama wewe ni mama ama ni mzee. Chagua laini moja." Mabenchi yote yakageuka. Nikarudisha kitambulisho mfukoni nikatoka. Hakunipiga wala hakunifukuza. Dada yangu anasema ni jambo dogo. Basi na liwe dogo.

Nilichokuwa nimepeleka ni upele chini ya matiti. Chanzo chake nakijua: kifua nakifunga. Wengi wa rika letu walianza na bandeji ya krepu, ile ya inchi 6 ya kufungia mguu uliotegoka. Bandeji ile imefumwa ili ijivute: ukitoa pumzi inakaza, ukivuta pumzi haikurudishii nafasi yote, na kufikia adhuhuri imekubana kuliko ulivyoifunga asubuhi. Kijana ataumwa na mbavu tu. Mtu ambaye hedhi imemkoma miaka 12 iliyopita, mifupa yake imeshaanza kupungua nguvu, na kikohozi kikali kikimkuta amefungwa hivyo, ubavu waweza kupasuka.

Ndiyo maana mimi nashona fulana. Mbele pamba isiyovutika, tena mikunjo miwili. Nyuma kitambaa chenye mvuto. Kulabu ubavuni, kwa sababu bega la mzee halikubali kuvua nguo ya kubana kwa kuipitisha kichwani. Pima pale kifua kinapojaa zaidi, toa inchi 2, ukizidisha sana toa 3. Vidole viwili vipite chini ya kwapa, na uweze kukohoa na kuvuta pumzi mpaka tumboni. Ukishindwa kukohoa, fumua. Saa 8 kwa siku ndio mwisho hata kwa kijana, na kulala nayo hapana. Polista usiiguse. Kwa joto hili la ziwa inashika jasho kama nailoni ya kufunikia nyanya, na fangasi inataka hicho hicho: joto, maji, na ngozi juu ya ngozi. Sukari ikiwa juu, inanawiri kabisa.

Dawa yake ni klotrimazoli ya asilimia 1, kiasi kidogo, mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, na usiache siku ile tu ngozi inapong'aa. Kausha kwanza kwa kupapasa, usisugue, kisha laza kipande cha pamba kuukuu katikati. Kuna kemisti watakaokuuzia krimu iliyochanganywa na steroidi. Kuwashwa kutaisha kwa siku mbili na utamsifu aliyekuuzia, kumbe ngozi inakonda na fangasi inatambaa chini kwa chini. Upele ukiwa wa titi moja tu, wa kuizunguka chuchu, usiopona, ama chuchu ikizama ndani, hiyo si fangasi tena, ni kazi ya daktari.

Kwa hivyo upele ningeutibu nyumbani. Mpwa wangu kaniuliza hivyo hivyo: sasa ulienda zahanati kutafuta nini? Nitafika hapo.

Nirudi kwa karani kwanza. Unajua tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unaweka kidole na jina lote linatokea kama lilivyo kwenye kitambulisho. Vidole vya fundi vimechomwa na sindano na pasi, mashine inavikataa mara mbili, mara tatu, kwa hivyo mimi nakaa dirishani kuliko wenzangu huku walio nyuma wakisikiliza. Kiswahili chenyewe hakina ugomvi na mimi: ameingia, ameketi, anaumwa, nani atajua ni nani? Shida inaanza mtu akifungua kinywa kusema "mama". Tena kwa sauti. Chagua laini moja, kana kwamba nimesimama kwenye laini mbili za matatu nikitafuta yenye nauli nafuu.

Na usidhani nilitaka aniandike M, ya mwanamume. Hapana! Hapo ndipo watu wengi hukosea, hata wa kwetu, wanafurahi karani akiwatazama tu na kuandika M. Mimi nina sukari na presha, mwaka wa 9 huu, na ile herufi moja huharibu majibu ya maabara. Damu ya mwanamume huhesabiwa pungufu ikiwa chini ya 13, ya mwanamke chini ya 12. Mtu kama mimi mwenye 12.4, akiandikwa M, anarudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma asivyovihitaji. Figo ndiyo mbaya zaidi. Kile kipimo cha kreatinini, taka za damu ambazo figo huchuja, hakisomwi peke yake, huingizwa kwenye hesabu pamoja na umri na jinsia. Kreatinini ya 110 kwa umri wa miaka 64: ukiandikwa F, ya mwanamke, nguvu ya figo kuchuja inatoka kama 48, ukiandikwa M, damu ile ile inatoka kama 65. Chini ya 60 daktari anaanza kuuliza maswali. Chini ya 45 metformini, dawa ya sukari, hufikiriwa upya na kupunguzwa, chini ya 30 huachwa. Sasa niambie, ile 65 ya uongo itamsaidia nani? Mimi homoni sijawahi kutumia. Anayetumia testosteroni aseme, maana kwake hesabu hiyo ina mambo mengine.

Kwa hivyo F iandikwe. Naitaka mimi mwenyewe. Nisichotaka ni kuisikia ikitangazwa.

Halafu presha. Ukipimwa umetoka kutukanwa, mashine itasoma hasira yako na utaongezewa amlodipini, dawa ya presha, bure, vifundo vya miguu vivimbe viatu visiingie. Keti dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee. Mimi siku ile hata sikupimwa.

Haya. Damu. Nimeona damu, Shangazi, mara 3 tangu Pasaka.

Si nyingi. Mara ya kwanza ilikuwa doa, nikasema ni cherehani, nimekaa vibaya. Mara ya pili nikasema ni njia ya mkojo, mwenye sukari hupata hayo. Ya tatu ilikuwa nyekundu na ilikaa siku 2. Najua inavyosemwa: hedhi ikishakoma miezi 12, tone lolote ni la kuchunguzwa, halina dogo. Najua pia kwamba mara nyingi si kansa, ni utando uliokauka na kukonda, ama kijinyama kisicho na ubaya. Takriban mtu 1 kati ya 10 ndiye hukutwa na kansa ya mji wa mimba. Lakini nikihesabu vinavyoongeza hatari yake, sukari ninayo, presha ninayo, uzito ninao, na sijawahi kuzaa. Hesabu hiyo naifanya kila usiku. Nayo ikiisha narudi kwa karani.

Na usinieleze hatua, nazijua. Wataanza na skani. Ile ya kupitia ukeni ndiyo inayoona vizuri, ila waweza kuomba ya juu ya tumbo kwanza, unakunywa maji kama lita moja saa moja kabla na usikojoe. Utando wa mji wa mimba ukipimwa milimita 4 au chini, mara nyingi wanakutuliza. Ukizidi, ama damu ikiendelea kurudi, wanaingiza mrija mwembamba wa kama milimita 3 kuchukua kipande cha kupima. Unauma kama hedhi kali kwa dakika moja ama mbili. Wenye figo nzuri humeza ibuprofeni saa moja kabla. Mwenye presha na figo za kutiliwa shaka ameze parasetamoli. Chuma cha kufungulia uke kina saizi, hata kidogo kabisa kipo, na kwa mwili uliokauka unaomba hicho na mafuta ya kutosha, tena unaweza kuomba ukiingize kwa mkono wako mwenyewe. Ukiumia unasema acha, naye anaacha. Yote hayo naweza kuyavumilia, kitandani ni mimi na daktari na pazia.

Lakini barua ya rufaa ikitoka, hata nikipelekwa Russia, hospitali yetu kubwa ya rufaa hapa Kisumu, mlango ni ule ule wa kliniki ya kina mama. Benchi la kina mama. Wajawazito, na mimi na suruali yangu ya kadeti. Unaona sasa? Yule karani alikuwa sahihi. Laini moja ndiyo, na ni hiyo. Hiyo ndiyo inayoniuma, kwamba sina hata la kumjibu.

Usinitajie Katiba. Kifungu cha 28 heshima, cha 31 faragha, cha 43 afya, vyote navijua. Najua pia kwamba 2014 Mahakama Kuu iliamuru alama ya jinsia iondolewe kwenye cheti cha KCSE, kile cha kidato cha nne, cha Audrey Mbugua, mwanamke aliyeandikwa mwanamume alipozaliwa. Nilifurahi siku hiyo. Lakini kule kulikuwa na jaji na mawakili. Mimi nina dirisha, saa mbili asubuhi, na watu 40 nyuma yangu.

Dada anasema nijifunge leso siku moja tu, nikitoka nivue. Leso ni kitu gani, anasema. Labda ana haki. Nimeijaribu saa sita usiku mbele ya kioo, nikaonekana kama mtu aliyeibia dada yake leso. Mpwa amejitolea kunisindikiza, msichana mwema, atasimama dirishani aseme yeye ndiye anayemleta mgonjwa, mimi nikae nje chini ya mti mpaka nambari ifike. Nimemkatalia. Sitaki aone. Halafu jana nilimpigia simu kumuuliza Jumatatu ana kazi gani.

Tena wakisema kizazi kitolewe? Huko mtu hulazwa siku kadhaa, na wodi ni mbili tu, hakuna ya katikati. Daktari sawa, atanipeleka kunakofaa mwili. Lakini watu wa soko hawatakosa kuja. Nimezika nao, nimechangisha nao harusi, watakuja na uji na machungwa, na watauliza langoni: Mzee Fundi yuko wapi? Wataelekezwa wodi ya wanaume. Watazunguka vitanda vyote. Halafu kuna mmoja atakayemuuliza nesi.

Sijui kama hilo ni swali. Ukinijibu kuhusu damu utasema nenda, na nitasema nimeshajua. Nitakwenda Jumatatu. Ama nisubiri nione kama itarudi mara ya 4, maana hii ni wiki ya tatu pakavu na huenda imekwisha. Najua haisemwi hivyo.

Nilichofikiria ni karatasi. Nikiipitisha dirishani chini ya kitambulisho, karani asome kimya, hata kama ni yule yule. Fundi wa karibu yangu ambaye hasikii vizuri hufanya hivyo na wanamhudumia bila maneno. Niambie kama imekaa vizuri ama inaonyesha ujeuri, maana sitaki aone nimekuja kumfundisha kazi:

"Habari ya asubuhi. Naomba niitwe kwa nambari ama kwa jina la ukoo peke yake. Jinsia iliyo kwenye kitambulisho ni sahihi, iandikwe hivyo hivyo. Nimetokwa na damu na hedhi ilikoma miaka 12 iliyopita."

Nimeiandika mara nne kwa mkono mzuri. Kila mara ile sentensi ya mwisho naikata.

Ni mimi,
Fundi, Kisumu