Kabla ya kumshtaki jirani kwa karuho, tuhesabu chupa

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika toleo lenu la wiki iliyopita habari ya familia moja ya hapa Bukavu iliyomshtaki jirani kwa karuho, yaani sumu inayodaiwa kulishwa mtu kwa siri, baada ya baba wa nyumba kuvimba tumbo na kutapika damu. Sijui mzee yule aliugua nini, wala sina haki ya kumtolea hukumu. Lakini mkubwa wangu, yaani kaka yangu, tuliyeishi naye Kadutu, alikufa akiwa na dalili zilezile, na kwa miezi minne tulikuwa tukimtafuta mtu aliyemwekea sumu.

Mkubwa wangu hakuwa mlevi kwa maana tunayoitumia mtaani. Hakulala njiani, hakugombana na mkewe, hakukosa kazi. Kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, aliidharau, na waliokuwa wakiinywa aliwacheka. Yeye alikuwa mtu wa bia, chupa kubwa tatu kila jioni kwa zaidi ya miaka 20, na tulimsifu kwamba pombe haimwezi. Hatukujua kwamba kichwa kinaweza kuizoea pombe, ini lisiizoee. Chupa ya sentilita 72 yenye alkoholi ya asilimia 5 ina gramu 28 hivi za alkoholi halisi, nao mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kazi ambayo karibu yote hufanywa na ini. Anayekunywa chupa tatu jioni huliacha ini lake likihangaika hadi alfajiri, na jua likizama linaanza tena.

Daktari alitueleza kwamba ini la mnywaji hujaa mafuta kwanza, bila maumivu yoyote, na kwamba mtu akiacha pombe katika hatua hiyo mafuta hayo huweza kuisha ndani ya wiki chache. Asipoacha, ini hushikwa na uvimbe wa ndani, kisha makovu, na ini lililojaa makovu huwa gumu kiasi kwamba damu inayotoka matumboni haipiti tena vizuri. Damu hiyo hurudi nyuma na kutafuta njia nyingine: maji huvuja na kujaa tumboni, na mishipa ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huvimba mpaka siku moja inapasuka. Nilimwona mkubwa wangu katika hali hiyo. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa, kitovu kimesukumwa nje, macho manjano. Nilipombonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo lilibaki hapo kwa muda. Hospitalini walimtoa kwa sindano maji ya rangi ya chai nyepesi, ndoo nzima, na baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limejaa tena.

Kabla ya hapo tulikuwa tumempeleka kwa mganga wa karuho, aliyempa dawa ya kutapisha. Kumlazimisha kutapika mtu ambaye mishipa ya umio wake imevimba hivyo ni hatari kubwa, na sisi wenyewe ndio tuliomlipa mganga.

Viungo vingine navyo havisalimiki. Kongosho huungua kwa maumivu makali na baadaye huweza kuleta kisukari. Misuli ya moyo hutanuka na kulegea. Ubongo hukosa vitamini B1, mtu akaanza kuyumba na kusahau hata siku ambayo hajaonja kitu. Tangu mwaka 1988 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka pombe miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika, iwe ya kiwandani au kasiksi, pombe ya ndizi ya nyumbani.

Sidai kwamba kila tumbo lililovimba ni la pombe. Homa ya ini aina ya B hufanya hivyo, na kifua kikuu cha tumboni pia, na ndiyo maana vipimo vya hospitali vinapaswa kutangulia mashtaka. Ninaomba gazeti lenu, mtakapoandika tena habari za namna hii, mmuulize daktari kabla ya kuchapisha neno karuho kwenye kichwa cha habari. Tena muwaonye wanaokunywa kila siku kwa wingi wasiache ghafla wakiwa peke yao nyumbani, kwa sababu kutetemeka na hata degedege huweza kuwajia katika siku mbili tatu za kwanza. Waende kituo cha afya wasaidiwe.

Kwetu, aliyeshukiwa alikuwa mama mmoja muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa kuwa mkubwa wangu alikula kwake jioni moja kabla ya kuugua. Wateja walimkimbia, akahamia Bagira. Nilikwenda mwenyewe kumwomba msamaha. Shemeji yangu bado hajaenda.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu