Tarehe 16 Februari walikufa watatu, mbona mnaandika mmoja?

Kwako Mhariri,

Salamu kutoka Tororo. Mimi gazeti naanza kulisoma kwa nyuma, kwenye ile kona yenu ya watu maarufu waliokufa tarehe kama ya leo, na vijana wa steji ya boda hapa karibu na duka langu wananingojea niwasomee kwa sauti maana wanapenda sana kubishana nani alikufa lini. Naipenda hiyo kona kwelikweli. Lakini ya 16 Februari iliniuma. Mliandika Askofu Mkuu Janani Luwum, 1977, basi, halafu mkarukia watu wa Ulaya.

Mhariri, siku ile walikufa watatu. Kulikuwa na Erinayo Oryema, waziri wa ardhi, ambaye kabla ya hapo ndiye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi wa Uganda, na kulikuwa na Charles Oboth-Ofumbi, waziri wa mambo ya ndani, mtoto wa huku kwetu Padhola. Walikamatwa Kampala siku moja na askofu, Idi Amin akisema wanapanga kumpindua, na kesho yake redio ya serikali ikatangaza eti wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari wakiwa wanapelekwa kuhojiwa. Nilikuwa mtoto wa P.4, darasa la nne. Nakumbuka baba aliinuka akazima redio, akakaa, chai ikapoa mbele yake na hakuna mtu pale nyumbani aliyethubutu kumuuliza kitu. Hiyo ajali hakuna aliyeiamini, na kule Mucwini, Kitgum, jeneza la askofu lilipofunguliwa watu waliona wenyewe matundu ya risasi.

Najua jina kubwa kumeza majina mengine ni kitu cha dunia nzima. Tarehe 22 Novemba 1963 Rais Kennedy alipigwa risasi Dallas, na siku hiyohiyo wakafa waandishi wawili wakubwa, C.S. Lewis kule Oxford na Aldous Huxley kule California, nani aliwasikia? Na 25 Juni 2009 mwigizaji Farrah Fawcett alikufa asubuhi kwa kansa, mchana akafuata Michael Jackson, kufika usiku dunia yote inamlilia Michael, yule mama wa watu kama vile hajafa.

Sasa hao tarehe iliwakutanisha kwa bahati tu. Mwaka ukiwa mrefu sana una siku 366, na watu maarufu waliokufa ni maelfu, lazima wagongane. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kutuonyesha kwamba mkiwa watu 23 tu kwenye chumba, kuna zaidi ya nusu kwa nusu kwamba wawili wenu mmezaliwa tarehe moja, na mambo ya kufa ni hesabu ileile. Ndiyo maana 16 Agosti unakuta Elvis Presley wa 1977, Idi Amin aliyefia Jeddah 2003, na Aretha Franklin wa 2018, watu ambao hata chai hawajawahi kunywa pamoja. Kijana mmoja pale steji akaniambia mzee huoni, Luwum tarehe 16, Amin naye tarehe 16, tena miezi sita kamili katikati, hiyo ni laana. Nikamkatalia palepale. Miaka 26 Amin ameishi baada ya ile siku, mingi yake akiwa Saudi Arabia amestarehe, na hajasimama mbele ya jaji hata mara moja. Hiyo ndiyo inauma, namba ya kalenda haijalipa deni la mtu yeyote.

Lakini 16 Februari yetu haikuwa bahati. Hawa watatu waliwekwa kwenye tarehe moja na mkono mmoja, kwa amri moja, na uongo mmoja ukatungwa kuwafunika wote. Mkiandika mmoja mmeikata hiyo kesi vipande, mtoto wa leo anasoma anadhani ni habari ya kanisa na serikali tu.

Sipunguzi heshima ya askofu hata kidogo. Yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin waziwazi kuhusu watu waliokuwa wanauawa, na aliyajua yale yanayoweza kumpata. Sanamu yake iko mpaka kwenye kanisa la Westminster Abbey, London, na tangu 2015 siku yake ni holide hapa Uganda. Anastahili yote hayo. Ila na nyumba za wale wawili zililia. Mtoto wa Oryema, yule mwanamuziki Geoffrey Oryema, alitoroka nchi akiwa amefichwa kwenye buti ya gari, akaishi Ufaransa mpaka akafia hukohuko 2018. Huku kwetu nikiwauliza watoto wa sekondari Oboth-Ofumbi ni nani wananiangalia tu, na holide yenyewe wamekaa nyumbani wanapumzika.

Ombi langu ni dogo Mhariri. 16 Februari ijayo andikeni mstari mmoja wenye majina matatu: Luwum, Oryema, Oboth-Ofumbi, 1977, Kampala. Na msiandike "walifariki", andikeni "waliuawa". Nafasi ikiwa ndogo, toeni wa Ulaya mmoja.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye duka, Tororo