Barua kwa Mjomba: Tunabadilisha Chanzo cha Elektroni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu kwako na kwa mkaza mjomba, na kwa jamaa wote wa hapo Malindi, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, na ile kazi niliyokudokezea kwenye simu imeanza: tunaondoa waya wa tungsteni katika maikroprobu ya maabara yetu (chombo kinachopima elementi zilizomo katika jiwe kwa mwale wa elektroni) na kuweka chanzo cha elektroni cha aina ya Schottky.

Uliniuliza kama eksirei tunazozipima ni zile zile zilizotafutwa angani na satelaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni. Ndizo. Uhuru ilizipokea kutoka mbali angani, nasi tunazizalisha wenyewe kwa kulipiga jiwe kwa mwale wa elektroni, na kwa kuwa kila elementi hutoa eksirei zake za pekee, tunapima zilizomo katika jiwe, kwa njia aliyoionyesha Raimond Castaing katika tasnifu yake ya Paris mwaka 1951.

Waya wa tungsteni huchomwa hadi kelvini 2,700 hivi ndipo utoe elektroni, na kwa moto huo hulika hata ukakatika kazi ikiendelea. Chanzo cha Schottky ni ncha kali ya tungsteni iliyopakwa oksidi ya zirkoni, ambayo pamoja na nguvu ya umeme huzirahisishia elektroni kutoka, kwa hiyo kelvini 1,800 zinatosha, na ncha hiyo huweza kudumu zaidi ya mwaka.

Wapo wenzangu waliopendekeza lanthanamu heksaboridi, fuwele ambayo nayo hutoa elektroni ikichomwa, yenye gharama ndogo kuliko Schottky. Sikukubaliana nao. Kwa volti 15,000, hata mwale uwe mwembamba kiasi gani, elektroni husambaa ndani ya jiwe na eksirei hutoka katika eneo la maikromita 1 au zaidi. Faida ya mwale mwembamba hupatikana tu volti zikishushwa, na hapo mwale wa tungsteni hutanuka, na hata wa heksaboridi kwa kiasi, ilhali wa Schottky hubaki mwembamba na wenye mkondo wa kutosha. Nasisitiza, hata hivyo, kwamba chuma kinahitaji tahadhari: chini ya volti 7,100 hivi hakitoi eksirei zake za K, yaani zile zenye nishati kubwa, na zile za L, zenye nishati ndogo, hubadilika kulingana na jinsi kilivyoungana na oksijeni, kwa hiyo sitaamini hesabu yoyote ya chuma isiyolinganishwa na madini ya mfano yanayofanana nayo.

Kazi ngumu sasa ni ombwe, yaani kuondoa hewa ndani ya chombo, kwani Schottky hudai ombwe bora mara maelfu kuliko lile linalotosha tungsteni. Tumefunga pampu za ayoni, na tunaipasha moto chemba ya chanzo ili mvuke wa maji ulioganda kwenye kuta zake utoke. Ombwe likitimia, tutauacha mwale ukiwaka usiku kucha na kuupima mkondo wake kila saa, maana sampuli hulinganishwa na kipimo cha mfano, na mkondo unaoyumba huharibu hesabu yote. Jedwali la vipimo hivyo nitakutumia.

Wasalaam,
Mpwa wako